App ya mwanafunzi: inafanya kazi, inachezeka, inafundisha, au iko tayari sokoni?

Kila msimu wa maonesho ya sayansi ya shule, picha huwa zilezile: wanafunzi wawili au watatu wenye sare, bango limebandikwa nyuma yao, simu mkononi, na maelezo mafupi kwamba wametengeneza app ya kufundishia hesabu. Maneno ya watu nayo huwa yaleyale. Mmoja atauliza mbona haipo Play Store. Mwingine atasema watoto wa siku hizi wanakopi tu mtandaoni. Wa tatu ataitaka wizara iichukue kesho isambazwe shule zote. Na yupo mzazi aliyetumiwa faili la mchezo kwa WhatsApp, simu ikamwonya kuwa faili hilo huenda lina madhara, akalifuta akiamini mwanawe kafundishwa kutengeneza virusi.

Hawa wote hawapingani kama wanavyodhani. Kila mmoja ana swali lake kichwani. Mchezo wowote wa kujifunzia una maswali manne ya kujibiwa, na hayajibiwi kwa mpigo mmoja. Je, unafanya kazi? Unachezeka? Unafundisha? Uko tayari kwa umma? Unaweza kupasi swali la kwanza na kufeli la pili. Unaweza hata kupasi yote mawili, watoto wakaugombania, na usiwafundishe kitu. Kujaribu na kurekebisha ni kuyapitia maswali hayo moja baada ya jingine. Kuwasilisha ni kusema wazi umefika swali la ngapi.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. App, au programu tumishi kwa wanaopenda Kiswahili sanifu, ni programu iliyotengenezwa kufanya kazi fulani kwenye simu au kishikwambi. Mchezo wa kujifunzia ni app ambayo huwezi kuishinda bila kutumia maarifa yanayolengwa; kama wepesi wa vidole unatosha, huo ni mchezo tu, hata ukijazwa nambari. Hitilafu ni pale programu inapofanya kisichokusudiwa. Toleo ni hali ya mchezo kwa wakati mmoja: ulivyo leo, kabla hujaugusa kesho.

Wanafunzi wengi hutumia nyenzo za kutengenezea programu: Scratch, iliyotolewa kwa umma na MIT Media Lab, maabara ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani, mwaka 2007, au App Inventor, iliyoanzia Google mwaka 2010 kisha ikahamia MIT. Zote ni za bure. Badala ya kuandika kodi, yaani maandishi ya kuiamuru kompyuta, herufi kwa herufi, mwanafunzi anaburuta vipande vya amri vyenye rangi na kuviunganisha hadi vitoe tabia anayoitaka. Hapo ndipo inapozuka hoja ya kukopi: "Si wamepewa kila kitu tayari?" Walichopewa ni amri. Aliyepewa kipande kinachosema "kama jibu ni sahihi, ongeza alama" bado hajapewa wazo la namna ya kumfanya mtoto aelewe robo. Wanaokopi kweli wapo, wanaochukua mradi wa mtu, wakabadili rangi na jina, ila hao hukamatwa kirahisi, kama tutakavyoona. Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha kodi za kompyuta katika shule za msingi na sekondari mwaka 2022, kwa hiyo mijadala hii itaongezeka, haitapungua.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tusizungumze hewani. Wanafunzi wa kidato cha pili wanatengeneza mchezo wa sehemu kwa ajili ya darasa la nne. Skrini inaonesha sehemu mbili, tuseme 1/4 na 1/8, na mtoto anagusa iliyo kubwa zaidi. Hatua za mbele anajumlisha sehemu na kuandika jibu mwenyewe. Wanalenga kosa analolijua kila mwalimu wa hesabu: mtoto anaona 8 ni kubwa kuliko 4, basi kwake 1/8 lazima iwe kubwa kuliko 1/4.

Unafanya kazi?

Waliotengeneza mchezo ndio wajaribu wabaya kuliko wote. Wanajua njia. Wanabonyeza panapotakiwa kubonyezwa, wanaandika jibu lililonyooka, na kila mara mambo yanakwenda sawa. Mjaribu mzuri huja kwa nia mbaya: anataka mchezo uharibike mikononi mwake, leo, na si mbele ya majaji.

Katika mchezo wetu wa sehemu, nia mbaya ingezaa matunda haraka. Programu inachagua nambari za maswali kwa bahati nasibu, kuanzia 0 hadi 9. Mapema au baadaye itachagua 0 iwe asili, yaani nambari ya chini ya sehemu, na hapo mtoto anaulizwa kuhusu 3/0, kitu kisichokuwepo katika hesabu. Dawa ni ndogo, kuanzia 1 badala ya 0, lakini ukicheza mara mbili tatu huenda usikutane nayo kabisa.

Hitilafu ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inajificha ndani ya jibu sahihi. Swali ni 1/4 jumlisha 1/4. Programu inasubiri "1/2". Mtoto anaandika "2/4" na anaambiwa amekosea. Mwingine anaandika "1 / 2" akiacha nafasi katikati, naye amekosea. Kompyuta hapa inalinganisha maandishi, hailinganishi thamani. Mtoto aliyeelewa vizuri ndiye anayeadhibiwa, na kwa kuwa mashine haikosei machoni pake, ataamini yeye ndiye asiyejua. Ukiniuliza mimi, hitilafu ya namna hii ni nzito kuliko mchezo kujifunga ghafla. Mchezo ukijifunga kila mtu anajua kuna tatizo.

Yapo na mengine: kubonyeza kitufe cha jibu mara mbili harakaharaka kukaleta alama mbili, saa ya mchezo kuendelea kukimbia simu ikiingia, skrini ndogo kukata kitufe cha "Endelea" kikabaki nje, picha kukataa kufunguka bando likiisha. Ndiyo maana kujaribu kwenye simu moja, tena ile nzuri ya mwalimu mlezi wa klabu, hakutoshi. Tafuta simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka na hifadhi iliyojaa picha, maana hiyo ndiyo atakayoazimwa mtoto nyumbani.

Unachezeka?

Fundi cherehani, kabla hajamaliza nguo, hakuulizi kama unaipenda. Anakuvika, anakuambia inua mkono, kaa, inama, huku macho yake yakitafuta inapobana. Jaribio la pili ni hilo. Unampa mtoto mchezo, unanyamaza, unatazama.

Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Mtoto wa darasa la nne ameshika simu. Ukurasa wa maelekezo unafunguka. Hausomi, kidole kimeshabonyeza "Anza". Zinatokea 1/4 na 1/8. Anagusa nambari yenyewe badala ya kitufe kilicho chini yake. Hakuna kinachotokea. Anagusa tena, kwa nguvu zaidi. Anainua macho: "Dada, nibonyeze wapi?" Mtengenezaji wa kidato cha pili tayari ana jibu mdomoni, na akilitoa jaribio limekwisha. Jibu linalofaa ni: "Wewe unadhani ni wapi?" Kisha aandike: aligusa nambari mara mbili, hakuona kitufe. Marekebisho hayahitaji kumfundisha mtoto. Nambari zenyewe zigeuzwe kuwa vitufe.

Wanafunzi wengi huruka kutazama na kugawa dodoso: "Je, umeupenda mchezo? Ndiyo au Hapana." Kwetu mtoto hulelewa kutomkatalia mkubwa usoni. Kaka au dada wa sekondari akimuuliza kama kazi yake ni nzuri, atasema nzuri. Ukurasa uliojaa "Ndiyo" unaonesha watoto wana adabu. Mwombe badala yake aseme kwa sauti anachofikiria wakati anacheza, au mpe mwenzake wacheze pamoja, kwa kuwa watoto wawili hubishana kwa uwazi ambao hawatakuonesha wewe: "Siyo hapo! Hiyo ilituua!"

Je, wanahitajika watoto wangapi? Wengi hudhani mia. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, kwa hesabu iliyochukulia kuwa kila mtu peke yake hukutana na asilimia 31 hivi ya matatizo yaliyopo. Ushauri wake ambao hunukuliwa mara chache ni muhimu zaidi: ukiwa na watu kumi na tano, usiwamalize siku moja. Jaribu na watano, rekebisha, jaribu na watano wengine, rekebisha tena. Watoto wapya, kwa sababu wale wa kwanza wameshajua kitufe kiko wapi.

Kabla ya yote hayo, ruhusa. Mwalimu wa darasa ajue, mzazi au mlezi akubali, na mtoto aambiwe kuwa anaweza kuacha akichoka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi pale taarifa za mtoto zinapochakatwa, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa mradi wa shule njia nyepesi ni kutokusanya usichokihitaji: andika "Mtoto wa kwanza", "Mtoto wa pili", usirekodi sura, na usiuombe mchezo wenyewe uulize jina kamili, umri na namba ya simu ya mama.

Unafundisha?

Sasa tumefika panapochanganya hata watu wazima. Watoto wanashangilia, hawataki kurudisha simu, alama zinapanda. Mwalimu mkuu anapita, anaridhika: "Wanajifunza kwa furaha." Huenda. Kupanda kwa alama ndani ya mchezo kunathibitisha kwamba wameujua mchezo.

Turudi kwenye 1/4 na 1/8. Tuseme watengenezaji, kwa nia njema, wameweka mchoro wa chapati iliyokatwa pembeni ya kila sehemu. Mtoto anapata nane kati ya kumi. Ukimpa karatasi yenye maswali ya aina hiyohiyo bila michoro anapata matatu. Hakuwa anasoma nambari hata kidogo. Alikuwa anagusa kipande kikubwa cha chapati, kazi ambayo mdogo wake wa chekechea angeiweza. Mchezo unafanya kazi, unachezeka vizuri kabisa, na somo la sehemu halimo. Marekebisho ni kuuficha mchoro hadi mtoto ajibu, kisha uonekane ili aone kwa nini amepata au amekosa. Mchoro ni uleule, umehamishwa tu wakati wake.

Njia ya kugundua jambo hili ni jaribio dogo la karatasi kabla ya mchezo, na jingine baada ya mchezo. La pili liwe na nambari tofauti, vinginevyo unapima kumbukumbu. Likirudiwa wiki moja baadaye bila onyo, ni bora zaidi, kwa kuwa kinachosahaulika kufikia Jumatatu hakikuwa kimeshika. Na kama ipo nafasi, kundi jingine la watoto lifanye mazoezi ya kawaida ya daftari kwa muda uleule. Bila kundi hilo huwezi kujua kama kilichosaidia ni mchezo au ni nusu saa ya kushughulika na sehemu kwa njia yoyote.

Kuna mtego wa kubahatisha pia. Maswali yenye majibu mawili humpa asiyejua kitu nafasi ya kupata nusu. Kati ya maswali kumi atapata matano kwa wastani, akiwa amefumba macho. Kwa hiyo sita kati ya kumi si habari ya kupigia tarumbeta. Ukiweka majibu manne, wa kubahatisha anashuka hadi mawili au matatu.

Mtego wa mwisho ni asilimia. Mtoto aliyepata mawili akapanda hadi manne "ameongezeka kwa asilimia 100", na bango likiandikwa hivyo linasomeka vizuri sana. Kwa watoto wanane au kumi, andika idadi: watoto sita kati ya wanane walipata zaidi ya mwanzo, mmoja alibaki palepale, mmoja alishuka. Jaji mzoefu anamwamini zaidi anayemtaja yule mmoja aliyeshuka.

Kurekebisha bila kuharibu

Baada ya majaribio utakuwa na daftari lenye malalamiko mengi, na hayalingani uzito. Yanayomzuia mtoto kuendelea hutangulia, pamoja na yanayomfundisha makosa. Rangi, muziki na nyota zinazoruka husubiri. Ushauri wa wakubwa husubiri pia, hata kama ni wa heshima: "Ongezeni na fizikia", "Wekeni na Kifaransa". Mchezo mmoja unaofundisha kulinganisha sehemu una thamani kuliko menyu yenye masomo saba ambayo sita yanaandika "Inakuja hivi karibuni".

Hifadhi nakala kabla ya kugusa chochote. App Inventor ina njia ya kuhifadhi hatua uliyofikia, na Scratch inakuruhusu kupakua faili la mradi. Badilisha jambo moja, jaribu, kisha jingine. Ukibadilisha matano kwa pamoja na mchezo ukagoma, hujui ni lipi lililougomesha. Na ukisharekebisha, rudia hata majaribio yaliyokuwa yamepasi, maana marekebisho huzaa hitilafu. Aliyeondoa nafasi kwenye majibu ili "1 / 2" ikubalike anaweza kukuta "1 1/2" imegeuka kuwa "11/2", yaani moja na nusu imekuwa tano na nusu.

Mbona haipo Play Store?

Kwa sababu hilo ni swali la nne, na kwa mwanafunzi lina milango yake. Akaunti ya mtengenezaji wa app huko Google hulipiwa dola 25 mara moja, na mwenye akaunti lazima awe na miaka 18 au zaidi, kwa hiyo ni mtu mzima atakayeifungua na kuwajibika. Zaidi ya hapo, akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023 hutakiwa kuijaribu app na watu kadhaa kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuitoa kwa umma. Walitakiwa watu 20 mwanzoni. Desemba 2024 idadi ikapunguzwa hadi 12. App za watoto zina masharti ya ziada kuhusu matangazo na taarifa binafsi. Kutokuwepo Play Store, basi, hakumaanishi kwamba mchezo ni feki. Na kuwepo hakumaanishi kwamba unafundisha. Google haikai na watoto wa darasa la nne kuwapa karatasi ya sehemu.

Ndiyo maana miradi mingi husambazwa kama faili la APK, ambalo ni kifurushi cha app ya Android. Simu huonya inapowekewa kifurushi kisichotoka dukani, na inaonya kuhusu vyote, vya wema na vya waovu, kwa sababu haijui kimetoka wapi. Mzazi hakukosea kuogopa. Kanuni ya kufuata ni kupokea APK kutoka mkononi mwa mwanafunzi au mwalimu unayemjua, na kuikataa iliyozungushwa kwenye magrupu. Mwenye iPhone hawezi kuitumia kabisa, kwa kuwa APK ni ya Android peke yake.

Mbele ya majaji

Watu hudhani uwasilishaji ni ufasaha, tena ufasaha wa Kiingereza. Katika maonesho kama ya Young Scientists Tanzania, majaji hufika kwenye bango na kuuliza, na maswali yao hufanana: Tatizo ni la nani? Umejuaje? Ulibadilisha nini, kwa nini? Mwanafunzi mwenye toleo la kwanza na la tatu kwenye simu mbili, anayeweza kusema "hapa mchoro ulikuwa unawapa jibu, tukauficha", ameshajibu yote matatu bila hotuba.

Anza na mtoto na kosa lake la 1/8. Majina ya kikundi na historia ya simu havihitajiki. Onesha mchezo ukichezwa ndani ya dakika ya kwanza, ikiwezekana na jaji mwenyewe. Weka simu katika hali ya ndegeni ili asipige mjomba katikati ya onyesho, pandisha mwanga wa skrini, na uwe na video fupi ya mchezo kwa ajili ya siku ambayo projekta au umeme utakataa. Taja picha na sauti ulizochukua kwa wengine na kama ziliruhusiwa kutumika. Kama akili bandia ilikusaidia, sema wapi.

Swali la kumkamata aliyekopi ni hili: jaji anaonesha kipande kimoja cha amri na kuuliza, "Ukikiondoa hiki, nini kitatokea?" Aliyejenga mchezo atajibu kabla swali halijaisha, huenda akicheka, kwa sababu aliwahi kukiondoa kwa bahati mbaya na mchezo ukagoma. Aliyekopi, iwe kwa rafiki, mtandaoni au kwa roboti ya mazungumzo, atasoma kilichoandikwa kwenye kipande. Kiingereza kizuri hakimwokoi.

Maonesho yakiisha, faili la mradi lenyewe, lile la .aia au .sb3 na si APK peke yake, libaki shuleni pamoja na daftari la majaribio na nywila ya akaunti ya klabu, mikononi mwa mwalimu mlezi. APK huwezi kuifungua ukaendelea kuijenga. Kidato cha pili cha mwaka huu kitakuwa cha tatu mwakani chenye mitihani yake, na watakaopokea mchezo wa sehemu wataanza toleo la nne pale wenzao walipoishia.